Abiria wa Siti ya Kumi na Saba

Fundi saa wa mtaa wa stendi ya zamani alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wateja wake walishauzoea. Ukimpelekea saa abadilishe betri tu, anaifungua yote. Anavaa kile kioo chake kidogo jichoni, anashika kibano, anachomoa skrubu moja baada ya nyingine, na wewe umesimama nje ya dirisha la kibanda unalalamika, "Fundi, mbona ilikuwa inatembea?" Anakujibu bila kuinua kichwa kwamba kutembea si kupona. Mara nyingi alikuwa anairudisha salama. Mara chache skrubu moja ilibaki mezani, naye akaifunika kwa kiganja mpaka mteja aondoke.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe mke mcheshi anayefanya kazi mbali na macho yake, uone kama kutalalika.

Mkewe, ambaye yeye alimwita Mama Pacha na mtaa mzima ukafuata, alikuwa mwongoza watalii. Kila Jumamosi alfajiri alitoka na basi la watu ishirini na wanane, akawavusha mpaka, akawapandisha milimani kuona maziwa matatu yaliyoko ng'ambo, na kabla usiku haujaingia sana akawa ameshawarudisha. Mwaka huu ulikuwa wa sita. Kabla ya hapo alikuwa mfunga vifurushi kwenye duka la vifaa vya shule, kazi ya kusimama na kunyamaza kutwa nzima, na siku alipopewa beji ya kuongoza wageni aliivaa hata jikoni. Mwanzoni alikuwa akirudi na hadithi tele za mlimani. Fundi alizipokea na "ehe" zake, jicho moja kwa mkewe na la pili ndani ya saa ya mtu. Siku hizi harudi nazo. Anafika, anavua viatu, anasema, "Baba Pacha, sauti imebaki kulekule juu," analala. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilibaki kimya, na Fundi hakuona ubaya wa ukimya. Kazi yake yenyewe inautaka.

Aliyemwaga mtama alikuwa muuza nyama wa jirani. Alileta saa yake ya ukutani, akaegemea dirisha.

"Fundi, kumbe unaishi na redio nyumbani na hutuambii. Jumamosi tulikuwa na mkeo kule maziwani. Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Na yule mwenzake wa kule, Mwenyeji! Mmoja anaanza kusema, mwingine anamalizia. Usiposema wewe, mtu atadhani ni mtu na mkewe."

Akasema hivyo, akaenda zake kuuza maini. Fundi akabaki na saa iliyopasuliwa tumbo.

Huyo Mwenyeji alikuwa mwongozaji wa upande wa pili. Sheria ya kule ilisema kundi la wageni haliendi mlimani bila mtu wa kule kuongozana nalo, na jina lake halisi lilishapotea siku nyingi. Kila mtu alimwita Mwenyeji. Fundi alikuwa amelisikia nyumbani mara nyingi bila kulitilia maanani. Sasa akaanza kuhesabu. Mwenyeji kasema mvua itawahi. Mwenyeji kaota jino. Wiki moja alilihesabu mara kumi na moja, na jina lake mwenyewe, ukiacha "Baba Pacha njoo ule", mara mbili. Aliona wivu, tusipake rangi. Aliona wivu akila na aliona wivu akinyoa ndevu. Na kilichomuuma zaidi hakikuwa huyo mwanaume peke yake. Muuza nyama, mtu ambaye hata salamu yake inanuka damu, alikuwa amecheka siku nzima na mke wa Fundi, na Fundi hakukumbuka ni lini yeye alicheka naye mara ya mwisho. Ukimchunguza sana bata huwezi kumla, wazee walisema. Ila wazee hawakumjua mtu huyu, ambaye riziki yake yote ilitokana na kuchunguza.

Ofisi ya mabasi ilikuwa na sheria moja kali kuliko zote: kiongozi hasafiri na ndugu. Zamani viongozi walikuwa wakipakia mashemeji na mabinamu kama abiria, wanavuka nao asubuhi, jioni shemeji haonekani, amebaki ng'ambo kutafuta maisha. Askari wa uhamiaji wa upande ule wakachoka. Wakatangaza kwamba wakimkuta ndugu wa kiongozi kwenye orodha, kiongozi huyo atavuliwa beji pale pale na asivuke tena na kundi maisha yake yote. Mume alihesabiwa ndugu. Fundi aliijua sheria hiyo vizuri, maana mkewe alimsomea ukurasa mzima. Aliijua, akaenda kukata tiketi. Akaikata kwa majina yake ya kwenye cheti, ambayo hata mwenye nyumba wao hayajui, na kwa mkewe akaaga kwamba Jumamosi atakwenda kumwona kaka yake, anaumwa.

Alfajiri hiyo kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Karani wa ofisi alisimama kando ya basi ameshika tochi. Mama Pacha alikuwa mlangoni na orodha aliyokabidhiwa dakika ileile, anaita majina, anaweka alama. Kwenye jina la kumi na saba kalamu ilisimama. Kisha akaliita kwa sauti safi kabisa, na Fundi akajitokeza, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Wakatazamana. Mama Pacha angeweza kumrudisha nyumbani. Lakini kumrudisha kulitaka sababu, na sababu ingesemwa mbele ya karani, na karani angetaka kujua jina la mume limefikaje kwenye orodha.

"Karibu sana, kaka," alisema Mama Pacha. "Siti ya kumi na saba, dirishani. Angalia ngazi."

Kaka. Fundi alipanda na neno hilo mpaka kwenye siti. Alitegemea mkewe ashtuke, aangushe kalamu, apate kigugumizi kidogo cha heshima. Mwanamke anayeweza kumwita mumewe kaka bila ukope kutikisika, aliwaza, ana nini kingine anachoweza? Mwenye wivu hakosi ushahidi, ukimnyima anajitengenezea.

Pembeni yake alikaa mama mmoja mnene mwenye miwani mikubwa na kikapu cha mayai ya kuchemsha. "Mara yangu ya tatu hii," alimwambia Fundi huku akimenya. "Maziwa nimeshayaona. Nakuja kumsikiliza huyu binti."

Binti mwenyewe, mwenye miaka arobaini na tatu, alichukua kipaza sauti basi lilipoacha mataa ya mwisho ya mji. Akawapa pole kwa usingizi. Akawaambia dereva wao anaitwa Taratibu, na kwamba hilo si jina, ni maombi ya abiria. Akawaeleza milima ilivyotoka moto zamani na mashimo yakajaa maji, akaigiza mlima unavyokohoa, na watu wazima waliotoka vitandani saa tisa wakaanza kucheka kama watoto. Fundi alimtazama mgongo, akaona mabega yanavyocheza. Sauti ile hakuijua. Yaani aliijua, ilikuwa ileile inayouliza kama chumvi ipo, lakini hakuwahi kuiona imevaa nguo za kutokea.

"Kiongozi," Mama Miwani akapaza, "tupe ile ya mumeo na bomba! Ile alivyolifungua ajue kwa nini halivuji."

Basi likashangilia. Fundi akasikia uso unawaka. Kumbe yumo humu kila Jumamosi, anachekwa na watu asiowajua, na bomba lenyewe kweli alilifungua.

Mama Pacha akaangalia siti ya kumi na saba, mara moja tu. "Leo mume wangu tumpumzishe," alisema. "Kaenda kumwona kaka yake, nasikia anaumwa."

"Mungu amponye," alisema Mama Miwani.

"Amina," Fundi akajikuta amesema.

Mpakani walikusanya pasipoti zote kwenye mfuko wa kitambaa, orodha ikagongwa muhuri: ishirini na wanane waingie, ishirini na wanane watoke. Hapo ndipo Mwenyeji alipopanda. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, buti za udongo, koti zito la kijivu. "Dada yangu, leo umetulaza njaa," alisema, na Mama Pacha akacheka, akampa nusu ya mkate wake bila hata kuulizwa, kama kitu cha kila siku. Ni kweli alivyosema muuza nyama: mmoja alianza, mwingine akamalizia. Mwenyeji akisema kwamba ziwa la kwanza halina samaki, Mama Pacha anadakia kwamba waliokuwepo wamehamia mjini kutafuta kazi. Fundi aliwahesabia vicheko mpaka hesabu ikampotea.

Ukimuuliza leo ziwa la pili lina rangi gani, hajui. Wenzake walisimama ukingoni wameshika vifua, wengine wakanyamaza kabisa kwa uzuri, na Mama Miwani akamwomba ampige picha. Picha ile ikatoka na Mwenyeji katikati na kipande cha miwani pembeni. Lakini muulize koti la Mwenyeji lilikuwa na vifungo vingapi. Atakwambia vitano, na cha pili kutoka juu kilishonwa kwa uzi wa kijani. Uzi huo Fundi aliutambua. Ndio uliopindiwa sare za pacha. Kidonge chake hukaa kwenye droo ya kitanda, upande wa mkewe.

Akasimama pale, kwenye hewa nyembamba ya mlimani, na dunia ikamwishia.

Ziwa la tatu linafikiwa kwa miguu, nusu saa ya kupanda. Huko juu abiria hupewa saa nzima ya kutembea na kupiga picha, na viongozi huingia kwenye kibanda cha walinzi wa hifadhi kupumzika. Fundi aliona mkewe akiingia, Mwenyeji nyuma yake, mlango ukarudishwa kwa ajili ya upepo. Akazunguka juu ya mawe, akiteleza na viatu vyake vya mjini, mpaka kwenye kidirisha chenye ukubwa wa kitabu. Akachungulia. Mwenyeji amekaa na fulana tu. Koti liko mapajani kwa Mama Pacha, sindano mkononi, na Mama Pacha anacheka, kichwa kimeenda nyuma.

Alifika ndani bila kukumbuka kufungua mlango. Alilishika lile koti, akalivuta, kifungo kikaruka.

"Uzi wa sare za wanangu," alisema. "Unamshonea mwanaume uzi wa wanangu. Huyu ni mke wangu, wewe. Mke wangu wa ndoa."

Ndipo alipoona kwamba kidirisha hakikumwonyesha chumba kizima. Kwenye kona, dereva Taratibu alikuwa amekaa juu ya ndoo anakula yai.

"Sasa kuna nini?" alisema Taratibu, mdomo umejaa. "Mimi juzi kanishonea mfuko wa suruali. Mkoba wake una sindano, plasta, dawa ya tumbo, kila kitu. Abiria wakichanika anawashona."

Mama Pacha alichomeka sindano kwenye kidonge cha uzi, polepole, ule uzi wa kijani ukining'inia. "Kaka," alisema kwa sauti ndogo, bado kaka, "saa ya picha inaisha. Rudi kwa wenzako."

Mwenyeji akamtazama Mama Pacha, akamtazama Fundi, akaelewa. Kwa sheria ya kwao alipaswa kuripoti. Akainama, akaokota kifungo, akakitia mfukoni. "Upepo wa huku juu unaziba masikio," alisema. "Mimi sijasikia kitu."

Lakini mlangoni alikuwa amesimama Mama Miwani, aliyekuja kuulizia choo, na yeye masikio yake yalikuwa wazi. "Makubwa," alisema, akageuka, na mpaka wanashuka kufikia basi, habari ilikuwa imeshawatangulia.

Njia ya kurudi kipaza sauti hakikuwashwa. Abiria walinong'ona kuanzia siti za nyuma hadi za mbele. Mama Pacha alikaa kiti cha kiongozi akitazama barabara, mkono mmoja umefunika beji kifuani. Fundi aliutazama mkono huo safari nzima. Wivu haukuwa umeisha, wivu si bomba la kufunga. Ila ulikuwa umepata jirani, na jirani mwenyewe ni hofu. Akamkumbuka mkewe alivyokuwa zamani, akirudi kutoka kufunga vifurushi, amekaa kitandani anatazama vidole vyake. Akajua kwamba akivuliwa beji ile, huyo ndiye atakayerudi nyumbani, na aliyemrudisha atakuwa yeye, Fundi.

Mpakani askari wa uhamiaji aligonga muhuri pasipoti ishirini na saba. Ya ishirini na nane akaiweka pembeni. Mnong'ono hauhitaji pasipoti. Ulikuwa umeshafika mezani.

Fundi na Mama Pacha wakaitwa chini, mbele ya basi, abiria wamejazana madirishani. Mwenyeji akaulizwa kwanza. Akajibu kwamba koti lake lilinasa kwenye msumari.

"Kiongozi," askari akasema, "huyu ni nani wako?"

"Ni abiria wangu, afande. Siti ya kumi na saba."

Sauti yake haikutikisika. Mkono ndio uliopanda tena ukaifunika beji, na aliyekuwa karibu vya kutosha kuuona alikuwa Fundi peke yake.

"Na wewe bwana. Watu wanasema kule juu ulitangaza huyu ni mkeo. Jibu taratibu. Akiwa mkeo, beji hii anaiacha hapa mezani na havuki tena. Ni mkeo, si mkeo?"

Siku nzima Fundi alikuwa na hamu ya kusimama mbele ya watu hawa awaambie ni wa nani. Sasa wote walikuwa wanamsikiliza.

"Si mke wangu," alisema.

"Kwa nini ulisema ni wako?"

Akatafuta uongo. Yeye fundi wa kufungua vitu, hakupata hata skrubu moja ya uongo ya kushika. Ikabidi atumie kilichokuwepo.

"Nimemsikiliza tangu alfajiri, afande. Sijapata kusikia mtu anazungumza vile. Anasema kitu, basi zima linaamka. Nikampenda. Halafu nikamwona anamshonea mwenzangu koti, nikaona wivu, nikasema ni wangu. Yeye hanijui."

Kicheko kikaanzia dirisha la Mama Miwani, kikalizunguka basi lote. Hata askari alijikaza akashindwa.

"Una mke nyumbani?"

"Ninaye."

"Anajua kwamba ukipanda mabasi unawapenda wake za watu?"

"Atajua leo," alisema Fundi.

Askari akagonga muhuri. Kisha akafungua daftari kubwa, akaandika majina ya kwenye cheti, taratibu, herufi moja moja, akasema abiria msumbufu wa namna hii hataruhusiwa tena kuvuka na kundi lolote. "Haya maziwa umeshayaona, bwana. Yatakutosha."

Basi liliingia mjini saa moja na nusu. Mama Pacha alisimama mlangoni akiwaaga mmoja mmoja, karani yuko pembeni na tochi yake. "Asante kwa kusafiri nasi, kaka," alimwambia wa siti ya kumi na saba, na kaka akajibu, "Asante, dada," wakaachana kila mmoja na njia yake.

Fundi alifika wa kwanza. Akawasha taa, akabandika maji ya kuoga, akakaa kitandani. Alipanga maneno: pole, nisamehe, shetani kanipitia. Aliposikia ufunguo mlangoni maneno yote yakamtoka. Mama Pacha aliingia, akaitundika beji kwenye msumari wake, akakaa kwenye kiti, akavua kiatu kimoja.

"Yale uliyomwambia afande," alisema, na sauti ilikuwa imekwisha kabisa, ikabidi Fundi asogee, "uliyatunga pale pale?"

"Sikutunga. Ni kweli tupu. Nilikusikiliza mwenyewe, Mama Pacha, tangu alfajiri. Nikakupenda."

Alivua kiatu cha pili. Akakiweka karibu na mwenzake, visigino vikagusana.

"Miaka kumi na tisa nazungumza humu ndani," alisema.